Geoffrey Milne

Geoffrey Milne (1898 – 1942) alikuwa mtaalamu wa sayansi ya udongo kutoka Uingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanganyika (leo Tanzania). Anajulikana duniani hasa kwa kuanzisha dhana ya katena, yaani mfuatano wa aina za udongo kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, ambazo hutofautiana kwa rangi na tabia lakini hufungamana kwa sababu maji na mmomonyoko huziunganisha. Alisimamia pia utengenezaji wa ramani ya muda ya udongo wa Afrika Mashariki iliyotolewa mwaka 1936.

Kabla yake wataalamu wengi walieleza aina ya udongo kwa kutazama shimo moja lililochimbwa mahali pamoja. Milne alionyesha kwamba katika nchi za Afrika Mashariki udongo wa mahali pamoja haueleweki bila kujua udongo ulio juu yake na ulio chini yake kwenye mteremko. Wazo hilo linaonekana wazi katika nyanda za Usukuma, zikiwemo Bariadi na wilaya nyingine za mkoa wa Simiyu, ambako wakulima wana majina yao wenyewe kwa kila sehemu ya mteremko.

Amani

Kituo cha Amani kilianzishwa na serikali ya kikoloni ya Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya utafiti wa mimea na kilimo. Kiko katika msitu wa milimani, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Mvua ya huko ni nyingi, takribani milimita 1,900 kwa mwaka. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia kituo kilidorora, kisha Waingereza wakakifufua katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 kiwe kituo cha pamoja cha utafiti wa kilimo kwa makoloni yao ya Afrika Mashariki. Mkurugenzi wake alikuwa William Nowell.

Milne alijiunga na kituo hicho akiwa mkemia wa udongo. Wakati huohuo H. H. Storey, mtafiti mwingine wa Amani, alikuwa akichunguza magonjwa ya virusi ya mimea, likiwemo batobato la muhogo. Kwa kuwa kituo kilihudumia nchi kadhaa, kazi ya Milne haikuishia Usambara. Alitakiwa kushughulikia udongo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, eneo lenye theluji, jangwa, misitu ya mvua, nyanda kavu na visiwa.

Swali lililokuwa mbele yake lilikuwa la vitendo. Serikali na wenye mashamba walitaka kujua ni wapi pangefaa chai, mkonge, pamba au kahawa. Kila idara ya kilimo ilikuwa na mkemia wake, na kila mkemia alipima na kuita udongo kwa namna yake. Udongo ulioitwa kwa jina moja Nairobi ungeweza kuitwa kwa jina jingine Entebbe. Mwaka 1932 wakemia wa udongo wa Afrika Mashariki walikutana Amani ili kulinganisha kazi zao, na kutokana na ushirikiano wa namna hiyo ndipo mpango wa ramani moja ulipokua.

Tatizo la ramani

Wakati huo nadharia iliyotawala ilitoka Urusi. Mwaka 1883 Vasily Dokuchaev alikuwa amechapisha kazi yake juu ya udongo mweusi wa Urusi, akionyesha kwamba udongo si mwamba uliosagika tu. Ni kitu chenye historia yake, kinachotokana na tabianchi, mwamba, viumbe hai, sura ya nchi na muda. Katika nyanda pana za Urusi tabianchi ndiyo iliyoonekana kuwa na nguvu kuliko mengine, kwa hiyo udongo uliweza kuchorwa katika mikanda mirefu inayofuata mikanda ya mvua na joto.

Afrika Mashariki haikukubali kuchorwa hivyo. Mtu anayetembea kutoka juu ya kilima hadi bondeni anaweza kukuta udongo mwekundu, kisha wa njano, kisha wa kijivu, kisha mweusi, yote hayo katika umbali wa kilomita moja au mbili na chini ya mvua ileile. Kama tabianchi peke yake ndiyo ingekuwa sababu, tofauti hiyo isingekuwapo.

Kulikuwa pia na tatizo la kipimo. Ramani iliyokusudiwa ilikuwa ya kipimo cha 1:2,000,000, ambapo sentimita 1 kwenye karatasi ni kilomita 20 ardhini. Mteremko wa kilomita 2 unakuwa milimita 1 tu. Hakuna kalamu inayoweza kuchora aina nne au tano za udongo ndani ya milimita moja, na zaidi ya hapo mteremko huohuo hurudiwa kilima baada ya kilima kwa mamia ya kilomita. Mchoraji angelazimika kuchagua: ama aandike jina la udongo mmoja na kuficha mengine, ama aache sehemu kubwa ya ramani bila maelezo.

Dhana ya katena

Milne alitatua tatizo hilo kwa kubadili kile kinachochorwa. Badala ya kuchora kila udongo peke yake, alipendekeza kuchora mfuatano mzima kama kitu kimoja. Aliupa mfuatano huo jina la katena, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Taswira yake ni mnyororo uliofungwa kwenye vilele viwili na kuning'inia katikati: kila pingili ina nafasi yake, na ukishuka upande mmoja kisha ukapanda upande wa pili unazikuta pingili zilezile kwa mpangilio uliogeuzwa.

Aliichapisha dhana hiyo mwaka 1935, katika makala juu ya uainishaji wa udongo wa Afrika Mashariki, na pia katika Mkutano wa Tatu wa Kimataifa wa Sayansi ya Udongo uliofanyika Oxford, Uingereza, mwaka huohuo. Alitofautisha aina mbili za katena. Katika aina ya kwanza kilima chote kimeumbwa kwa mwamba wa namna moja, na tofauti za udongo zinatokana na mwendo wa maji, mmomonyoko na kukusanyika kwa kilichosombwa. Katika aina ya pili kilima kimechongwa katika miamba miwili au zaidi, kwa hiyo tofauti za mwamba nazo huongezeka juu ya zile za mteremko.

Mfano mmoja uliosaidia kuikuza dhana hii ulitoka Uganda, ambako W. S. Martin alikuwa mkemia wa udongo. Vilima vya Buganda vina vilele bapa vyenye tabaka gumu la mawe ya chuma, chini yake miteremko ya udongo mwekundu wenye kina inayofaa migomba na kahawa, halafu udongo wa kichanga wa kijivu, na mwishoni kinamasi chenye mafunjo. Kilima kimoja kikishaeleweka, vilima vingi vya eneo lile vimeeleweka.

Mwaka 1936 Milne aliandika makala fupi katika jarida la Nature akieleza mmomonyoko wa kawaida kama mojawapo ya mambo yanayoumba udongo. Katika miaka ile mmomonyoko ulizungumzwa zaidi kama janga linaloletwa na binadamu. Milne alikumbusha kwamba hata pale ambapo hakuna jembe wala mifugo, mvua huondoa chembe kidogokidogo juu ya mteremko na kuzishusha. Kwa hiyo udongo wa juu hupunguzwa daima na ule wa chini huongezewa daima, na umbo la kila mmoja ni matokeo ya hesabu hiyo ya muda mrefu.

Ramani ya mwaka 1936

Ramani ya muda ya udongo wa Afrika Mashariki ilitolewa mwaka 1936 pamoja na kitabu cha maelezo, katika mfululizo wa machapisho ya Amani. Milne aliiandaa kwa kushirikiana na V. A. Beckley na G. H. Gethin Jones wa Kenya, W. S. Martin na G. Griffith wa Uganda, pamoja na L. W. Raymond. Iliunganisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar katika ufunguo mmoja wa rangi na majina.

Ramani hiyo iliitwa ya muda kwa makusudi. Sehemu kubwa za nchi zilikuwa hazijachunguzwa ardhini, na mipaka mingi ilichorwa kwa kutumia habari za jiolojia, mvua na uoto. Hata hivyo ilikuwa na jambo jipya: maeneo mapana yalionyeshwa kama katena, na msomaji aliambiwa mapema kwamba atakapofika pale asitegemee udongo mmoja bali familia ya aina za udongo zinazofuatana.

Safari ya mwaka 1935 hadi 1936

Kuanzia Desemba 1935 hadi Februari 1936 Milne alifanya safari ndefu ya uchunguzi wa udongo katika sehemu mbalimbali za Tanganyika. Huo ni msimu wa mvua, wakati barabara za udongo zinapoharibika, lakini ni wakati mzuri wa kuona maji yanapotoka, yanapopita na yanapotuama. Alikagua mashimo, kingo za mito na kingo za barabara, akihusisha udongo na mwamba, uoto na kilimo cha wenyeji.

Katika safari hiyo alieleza katena ya Unyanyembe, karibu na Tabora, ambayo imekuwa mfano maarufu katika vitabu vya chuo. Juu kuna vilima vya mawe ya granaiti. Chini yake udongo mwekundu. Kisha mteremko mrefu wa udongo wa kichanga unaozidi kupauka. Na chini kabisa mbuga yenye udongo mzito wa rangi nyeusi au kijivu. Taarifa kamili ya safari ilichapishwa katika jarida la Uingereza la ikolojia mwaka 1947, miaka mitano baada ya kifo chake.

Mfano wa Simiyu: udongo wa mbuga

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, miaka 70 baada ya Milne kufariki, na makao yake makuu yako Bariadi. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Nchi yake inafanana na ile ya Unyanyembe kwa mambo mengi, na ni mahali pazuri pa kuona jinsi njia ya Milne inavyotumika kueleza aina moja ya udongo kwa tabia zake, tabianchi yake na nafasi yake katika nchi. Udongo huo ni ule mweusi wa mfinyanzi ambao Wasukuma huuita mbuga. Katika Kiswahili cha kawaida mbuga ni uwanda mpana au hifadhi ya wanyama, lakini katika Usukuma na katika maandishi ya wataalamu wa udongo neno hilo hutaja bonde pana la udongo mweusi. Katika uainishaji wa kimataifa wa leo udongo huu huwekwa katika kundi la vertisoli.

Tabia zake. Udongo wa mbuga una mfinyanzi mwingi, na mfinyanzi wenyewe ni wa jamii ya smektiti, ambayo hufyonza maji katikati ya matabaka ya chembe zake. Ukilowa huvimba na kunata. Ukikauka husinyaa na kupasuka. Wakati wa kiangazi nyufa zake huweza kuwa na upana wa sentimita kadhaa na kina cha nusu mita au zaidi. Udongo wa juu huanguka ndani ya nyufa, na mvua ikirudi huvimba humo na kusukuma udongo wa chini upande na juu. Hivyo udongo hujigeuza wenyewe mwaka baada ya mwaka. Ukichimba shimo utaona nyuso laini zinazong'aa, mahali mabonge yaliposuguana, na mara nyingi vijiwe vyeupe vya chokaa. Una uwezo mkubwa wa kushika kalisi na magnesi. Rangi yake nyeusi huwadanganya wengi kudhani kwamba una mboji nyingi. Kwa kawaida mboji yake si nyingi, na naitrojeni na fosforasi zinaweza kuwa haba.

Tabianchi yake. Sehemu kubwa ya Simiyu hupata mvua ya takribani milimita 600 hadi 900 kwa mwaka. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuisha Mei, mara nyingi ikiwa na kipindi cha ukame katikati, karibu na Januari na Februari. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi. Mpishano huo wa kulowa sana na kukauka sana ndio unaoendesha mashine ya kuvimba na kupasuka. Kama mvua ingenyesha mwaka mzima, nyufa zisingefunguka. Kama mvua ingekuwa nyingi zaidi, kalisi na magnesi zingesombwa na maji, na mfinyanzi wa namna hii usingedumu.

Nafasi yake katika nchi. Mbuga iko chini, kwenye mabonde mapana yanayopeleka maji kwenye mito kama Simiyu na Duma, ambayo humwaga maji katika Ziwa Viktoria. Juu yake kuna vilima vya granaiti vyenye mawe makubwa yaliyobebana. Granaiti ikioza huacha mchanga, na mvua huyeyusha kalisi, magnesi, sodiamu na silika. Madini hayo huteremka polepole ndani ya udongo pamoja na maji, na chembe laini husombwa juu ya ardhi. Vyote hukusanyika bondeni ambako maji hayatoki kwa urahisi, na humo ndimo mfinyanzi mweusi unapoumbika. Kwa maneno mengine, mbuga imejengwa kwa kile ambacho kilima kimepoteza.

Katikati ya kilima na mbuga kuna pingili nyingine, na kila moja ina jina katika Kisukuma. Luseni ni udongo wa kichanga wa mteremko wa juu, mwepesi kulima kwa jembe la mkono, unaofaa viazi vitamu, muhogo na karanga, lakini rutuba yake huisha mapema. Itogolo ni udongo wenye kichanga juu na tabaka gumu chini. Maji hayapenyi, kwa hiyo hutuama juu, na wakulima huyazuia kwa kingo za majaruba ili kulima mpunga. Ibushi ni udongo wenye chokaa ulio karibu na mbuga. Mpangilio huu hubadilika kutoka sehemu hadi sehemu, hasa pale mwamba unapobadilika, kama Milne alivyotarajia katika aina yake ya pili ya katena.

Faida ya kujua mpangilio huo inaonekana shambani. Mkulima wa Bariadi mwenye luseni na mbuga ana kinga ya namna fulani: mwaka wa mvua chache luseni hunufaika na kila manyunyu, kwa kuwa mchanga hutoa maji kwa mimea kwa urahisi, na mbuga huweza kubaki kavu kwa sababu mfinyanzi huyashikilia maji kwa nguvu, mwaka wa mvua nzuri mbuga hulipa kwa mtama, pamba na mahindi, na unyevu uliobaki baada ya mvua hukuza dengu. Lakini mbuga ina muda mfupi wa kulimika. Ikiwa kavu jembe linadunda, ikiwa imelowa plau na miguu ya ng'ombe vinanasa. Ndiyo maana kilimo cha mbuga kiliongezeka sana baada ya plau ya kukokotwa na ng'ombe kuenea. Kwa sababu hiyohiyo nyumba na barabara zilizojengwa juu ya mbuga hupasuka, kama msingi haukufika chini ya tabaka linalovimba au udongo huo haukuondolewa.

Linaonekana pia katika uharibifu. Mteremko wa juu ukikatwa miti na kulishwa mifugo kupita kiasi, mchanga hushuka na kufunika mbuga, na maji yaliyokuwa yakizama juu hukimbia na kuchimba makorongo. Anayetaka kuponya bonde inambidi aanzie kilimani.

Usambara na Bukoba

Milne hakudai kwamba mteremko unaeleza kila kitu. Katika miaka ya 1937 na 1938 aliandika mfululizo wa insha juu ya matumizi ya sayansi ya udongo katika Jarida la Kilimo la Afrika Mashariki, na mbili kati ya hizo zinatajwa mara nyingi.

Ya kwanza ilihusu mashamba makubwa ya Usambara Mashariki. Msitu wa Amani ulikuwa mrefu na wa kijani mwaka mzima, na watu walidhani kwamba udongo chini yake lazima uwe na rutuba kubwa. Milne alieleza kwamba udongo ule mwekundu ulikuwa umeoshwa sana na mvua na kuwa na tindikali. Utajiri ulikuwa katika msitu wenyewe: majani huanguka, huoza upesi, na mizizi hunyonya tena madini kabla hayajapotea. Msitu ukifyekwa mzunguko huo hukatika, na mkulima hubaki na udongo maskini.

Ya pili ilihusu Bukoba. Huko migomba mizuri ya kibanja husimama karibu na nyika za rweya ambazo hazioti chochote ila nyasi duni, ingawa udongo wa asili ni wa namna moja. Tofauti ilitoka kwa watu. Kwa vizazi vingi Wahaya walikata nyasi za rweya na kuzitandaza chini ya migomba, wakaongeza samadi ya ng'ombe na takataka za nyumbani. Rutuba ya kibanja ilikuwa imetengenezwa kwa mikono, na sehemu yake ilikuwa imehamishwa kutoka rweya.

Kuanzia Februari hadi Agosti 1938 Milne alisafiri katika visiwa vya Karibi na Marekani kujifunza uchunguzi wa udongo wa huko. Taarifa ya safari hiyo ilipigwa chapa Dar es Salaam mwaka 1940.

Kifo na machapisho ya baadaye

Milne alifariki mwaka 1942 akiwa hajafikisha umri wa miaka 45. Sehemu ya kazi yake ilichapishwa baadaye. Mwaka 1944 ilitoka makala yake juu ya udongo na idadi ya watu katika Usambara Magharibi, na nyingine aliyoandika pamoja na W. E. Calton juu ya chumvi inayojitokeza katika udongo baada ya uoto wa asili kuondolewa. Taarifa ya safari ya 1935 – 1936 ilifuata mwaka 1947.

Mwaka huohuo wa 1947 serikali ya Uingereza ilikuwa ikifyeka pori la Kongwa kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga, uliofuatiwa na mashamba ya Urambo na Nachingwea. Mpango ulianzishwa kwa haraka, bila uchunguzi wa kutosha wa udongo na mvua. Udongo wa Kongwa uligeuka mgumu sana wakati wa kiangazi, ukala majembe ya trekta na kufanya karanga zishindwe kung'olewa. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya hasara ya pauni milioni 36 hivi. Umebaki kuwa somo la gharama ya kutazama nchi kama uwanda wa udongo mmoja.

Kituo cha Amani nacho kilibadilika. Utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ulihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1940, na majengo ya Amani yakatumika baadaye kwa utafiti wa malaria na magonjwa mengine ya binadamu.

Urithi

Neno katena limeingia katika lugha ya wataalamu wa udongo duniani kote. Nchini Marekani T. M. Bushnell aliliandikia mwaka 1942, na wachunguzi wa huko walilitumia kwa maana finyu zaidi: aina za udongo zenye asili ya mwamba mmoja zinazotofautiana kwa jinsi maji yanavyotoka. Maana ya Milne ilikuwa pana, kwa kuwa ilihesabu pia mmomonyoko, kukusanyika na tofauti za mwamba. Mwaka 1973 lilianzishwa jarida la kimataifa la sayansi ya udongo lenye jina CATENA.

Watafiti wa wanyamapori waliitumia dhana hiyo katika Hifadhi ya Serengeti, inayopakana na Simiyu. Huko makundi ya pundamilia, nyumbu na swala hushuka mteremko kadiri kiangazi kinavyoendelea, wakifuata nyasi zinazokauka kwanza juu na mwisho bondeni.

Ramani ya 1936 ilikuwa kazi ya watumishi wa serikali za kikoloni, na majina ya wakulima hayamo miongoni mwa waandishi wake. Hata hivyo majina ya Kisukuma kama luseni, itogolo, ibushi na mbuga yalitumiwa na maofisa wa kilimo waliomfuata Milne, na yanaendelea kutumika vijijini. Yanaonyesha kwamba mpangilio ambao yeye aliupa jina la Kilatini mwaka 1935 ulikuwa umekwisha kutambuliwa na watu wanaoulima, ambao hadi leo hugawa mashamba yao, mazao yao na malisho yao kwa kufuata pingili za mnyororo huohuo.